Kamera ya video ya kupamba: 4K au Full HD? Naomba ushauri

BintiKibokoni: Assalam aleikum ndugu zangu. Hurekodi kupamba na shughuli nyingine za wanawake hapa Mombasa, natumia kamera ya picha. Mwezi uliopita bi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini, vigelegele vimeshika kasi, kamera ikaacha kurekodi kwenye dakika 29 na sekunde 59. Macho yangu yako usoni mwake, sikuona kuwa ile taa nyekundu imezimika. Nilipogundua, ameshakaa jukwaani. Mamake hakunigombeza, lakini aliirudisha ile video mara mbili akiutafuta mlango. Imenikaa moyoni.

Sasa nataka kamkoda yenyewe, kamera ya video hasa. Nina elfu themanini, hata ya mtumba si neno. Nichukue ya 4K, ile ya picha kali zaidi, au Full HD yatosha? Laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Halafu wanawake kule huwa bila mitandio, kwa hiyo video haibaki kwangu wala haipandi mtandaoni. Nawakabidhi wenyewe, kisha nafuta.

FundiMajengo: Waaleikum salaam dada, pole sana. Kamera nyingi za picha ziliwekewa kikomo hicho kwa ajili ya ushuru wa Ulaya: ikifika nusu saa, ilikuwa ikihesabiwa kamera ya video. Kamkoda hukutani na hilo.

4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa. Shughuli ya saa nne ni GB 180, na laptopu yako itakwama ukihariri. Full HD ya AVCHD (mfumo wa kuhifadhi video kwenye kadi), megabiti 24, haifiki GB 11 kwa saa. Kadi ya GB 64 yakutosha. Pesa zako ziweke kwenye kamera yenye nafasi mbili za kadi, irekodi zote kwa pamoja. Moja wampa mama usiku ule ule, nyingine wahariria.

UmmuLikoni: Shoga, mimi naangalia sensa kwanza, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Taa zikipunguzwa bi harusi akiingia, sensa ndogo hukupa chengachenga tupu. Na uliza kama inarekodi fremu (picha) 25 au 50 kwa sekunde. Zilizotengenezewa Marekani nyingi ni 30 na 60, na umeme wetu ni hezi 50, taa za ukumbi zitapepesa. Shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, iache 1/50 ya sekunde.

Kufuta pia hakutoshi, faili hurudishwa. Ukishafuta, rekodi hata ukuta mpaka kadi ijae.

MzeeWaKanda: Mwanangu, ukiuziwa ya MiniDV, zile za kanda ndogo, ikatae. Kanda ni dakika 60, na kuihamishia kwenye kompyuta ni saa nyingine nzima. Nilizitumia miaka mingi, najua.

La pili ni unyevu wetu wa pwani. Lenzi yangu iliota kuvu kabatini, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Weka kamera kwenye chombo kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu. Ukitoka kwenye kiyoyozi, iache mkobani kwanza, lenzi isifanye ukungu.

BintiKibokoni: Shukran baba, shukran nyote. AVCHD yakata video ndefu vipande vipande, naviunganishaje?

FundiMajengo: Nakili folda nzima ya kadi uiingize kwenye programu ya kuhariri iviunganishe, usichomoe faili mojamoja. Ukizichomoa, huenda sauti ikaruka kwenye maungio.

BintiKibokoni: Nimeelewa. Jumamosi naenda mjini kuangalia moja ya nafasi mbili. Nitarekodi dakika 40 pale pale dukani kabla sijatoa pesa.