Illinois: katiba inataka bajeti iliyosawazika, mbona jimbo linadaiwa na kodi inapanda?

Mlipakodi: Wakuu, habari za leo. Nisaidieni kabla sijamtukana mtu. Hapa Illinois kodi ya mapato ni 4.95%, milionea na mfagiaji wanalipa asilimia ile ile. Mwaka 2010 ilikuwa 3%. Kila mwaka gavana anasaini bajeti na kutangaza imesawazika, na katiba ya 1970 ndivyo inavyotaka. Sasa nakisi inatoka wapi? Wakikopa, wanalipia nini hasa? Na kodi ya nyumba (ile ya mwenye mali, si pango; niko Cook County, kaunti ya Chicago), ndiyo inayokwenda kuziba mashimo ya jimbo?

LejaNyekundu: Mkuu, kisome kifungu chenyewe. Ibara ya 8, kifungu cha 2, inasema matumizi yasizidi fedha ambazo Bunge *limekadiria* zitapatikana mwaka huo. Neno lenye mlango wa nyuma ni hilo "kukadiria". Hakuna panapodai kwamba ikifika Juni 30, mwaka wa fedha unapoisha, hesabu ziwe zimefunga sawa. Pandisha makadirio ya mapato kwa dola bilioni 1, na bajeti imesawazika kabla ya chai ya saa nne.

Mlango wa pili: bajeti inahesabu fedha taslimu. Ankara ya Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya Mei isiyolipwa hadi Juni 30 haionekani kama matumizi ya mwaka huo. Sheria ya fedha ya jimbo, kifungu cha 25, inaruhusu baadhi ya bili za mwaka uliopita, hasa za Medicaid na bima ya afya ya watumishi, zilipwe kwa fungu la mwaka mpya. Kwa hiyo namna rahisi ya kukopa bila kwenda sokoni ni kuiacha ankara kwenye droo.

Ndicho kilichotokea 2015 hadi 2017. Januari 2015 kodi ilishuka yenyewe kutoka 5% hadi 3.75%, kwa sababu ongezeko la 2011 lilikuwa la muda. Kisha Gavana Bruce Rauner na Bunge wakashindana miaka miwili bila bajeti kamili. Matumizi hayakusimama, maana mengi yaliendelea kwa amri za mahakama. Julai 2017 Bunge lilipindua kura ya turufu ya gavana na kodi ikapanda hadi 4.95%. Malimbikizo ya bili yalifikia kilele Novemba mwaka huo, karibu dola bilioni 16.7.

Ucheleweshaji huo una bei. Sheria ya malipo kwa wakati inaipa serikali siku 90, baada ya hapo riba ni 1% kwa mwezi. Ankara ya dola 100,000 ikilipwa siku ya 210, jimbo limechelewa siku 120, yaani linaongeza dola 4,000. Tena kuna mpango ambao mwekezaji hununua ankara: mzabuni anapewa 90% papo hapo, 10% anaipata jimbo likilipa, na ile riba inabaki kwa mwekezaji. Mlipakodi anamlipa mtu ambaye hajapeleka hata penseli shuleni.

Ngosha77: Maelezo marefu ya nini? Wameiba, basi.

LejaNyekundu: Wizi upo, magavana wameshafungwa Illinois. Lakini hakuna mwizi wa kubeba bilioni 16. Shimo la ukubwa huo linachimbwa kwa sheria, mchana kweupe.

BintiHatifungani: Niongezee upande wa mikopo, maana watu wanaitupa yote kapu moja.

Mkopo wa kwanza ni hatifungani (hati za deni ambazo serikali huwauzia wawekezaji) za miradi: barabara, madaraja, majengo. Huo ni wa kawaida, daraja litatumika miaka 25 na deni litalipwa miaka 25. Wa pili ni wa kulipa bili. Mwishoni mwa 2017 jimbo liliuza hatifungani za dola bilioni 6, za miaka 12, kwa riba isiyofika 4%, likalipa bili zilizokuwa zikizaa 12% kwa mwaka. Juu ya hapo, kila bili ya Medicaid iliyolipwa ilivuta mchango wa serikali ya shirikisho, kwa hiyo bilioni 6 zilifuta zaidi ya bilioni 6. Aliyepiga kelele kuhusu mkopo huo alikosea adui. Deni lilikuwepo tayari, lilikuwa kwenye droo tu.

Wa tatu ndio mbaya: kukopa ili kulipa mchango wa pensheni. Mwaka 2003 zilikopwa dola bilioni 10. Takriban bilioni 7.3 ziliingia kwenye mifuko, sehemu kubwa ya zilizobaki ikafidia michango ambayo jimbo lilipaswa kuitoa mfukoni. Yaani unakopa benki kulipa kodi ya pango, halafu unaita uwekezaji. 2010 na 2011 wakarudia.

Na pensheni ndiyo mzigo wenyewe. Mifuko mitano ya jimbo ina pengo la zaidi ya dola bilioni 130. Ratiba iliyotungwa 1994 inalenga kufikia 90% ya kinachohitajika ifikapo 2045, na ilipangwa ianze kwa michango midogo ipande pole pole. Waliotunga walijua bili itaangukia wengine.

Mlipakodi: Sasa si wapunguze hayo mafao?

BintiHatifungani: Walijaribu kwa sheria ya 2013. Mei 2015 Mahakama Kuu ya jimbo iliifuta yote, majaji kwa kauli moja, kwa Ibara ya 13, kifungu cha 5: mafao ya pensheni ni mkataba, hayapunguzwi. Walioajiriwa kuanzia Januari 2011 wana mafao madogo zaidi. Wa kabla yao nyongeza yao ni 3% kila mwaka, juu ya nyongeza iliyopita. Na kura ya Novemba 2020 ya kuruhusu viwango vya kodi vinavyopanda na kipato ilikataliwa na wananchi wenyewe.

Kwa haki, hali imetengemaa. 2017, kwa kampuni zinazopima uwezo wa kulipa deni, jimbo lilikuwa ngazi moja tu juu ya daraja la "takataka", yaani mkopaji wa hatari. Kuanzia 2021 kampuni hizo zimelipandisha mara kadhaa. Mkopo wa dharura wa Benki Kuu ya Marekani wa 2020, dola bilioni 3.2 kwa awamu mbili, ulilipwa kabla ya muda.

MzeeWaMakadirio: Mlipakodi, kodi ya nyumba haiendi kwa jimbo hata senti. Inakwenda shule, kaunti, mji, bustani, maktaba. Jimbo linaipandisha kwa mzunguko: likitoa kidogo kwa shule, wilaya ya shule inaomba zaidi kwenu.

Hesabu ya Cook ni hii. Nyumba ya dola 250,000 inathaminiwa kwa 10%, yaani 25,000. Unazidisha kwa kizidishi cha jimbo (namba ya kulinganisha uthamini kati ya kaunti), tuseme 3, inakuwa 75,000. Toa msamaha wa mwenye nyumba (punguzo kwa anayeishi kwenye nyumba yake), 10,000, inabaki 65,000. Kiwango cha kodi kikiwa 8%, unalipa 5,200. Ukisahau kuomba msamaha huo, unalipa 6,000. Angalia kwanza kama umeandikwa kwenye bili yako, wengi wanalipia mwanasheria wakati tatizo ni fomu.

Ukikata rufaa, usiandike "kodi ni kubwa". Hawasikilizi hilo. Leta nyumba za jirani zenye umri, ukubwa na aina ileile ya ujenzi zilizothaminiwa chini yako, au onyesha wameandika futi za mraba kimakosa. Mthamini wa kaunti kwanza, kisha Bodi ya Mapitio ya kaunti, ambayo hufungua kila eneo kwa siku zake. Ukikosa dirisha, subiri mwaka ujao. Uamuzi wa bodi ukikuudhi, una siku 30 kwenda bodi ya rufaa ya jimbo.

Mkishinda mtaa mzima, jumla inayoombwa na shule haishuki. Wanachoomba ni dola, si asilimia, hivyo kiwango kitapanda. Ukijaza kodi ya mapato ya jimbo, kumbuka kudai 5% ya kodi ya nyumba unayoishi ipunguzwe kwenye kodi hiyo.