Wauza vipoza vya prosesa Tanga, acheni kusingizia joto la pwani!

Wakuu, habari za jioni. Nimevumilia vya kutosha.

Kuna duka hapa mjini limeniuzia kipoza cha feni cha prosesa yangu, Core i7-12700, ninayofanyia video za harusi. Boksi limeandikwa wati 200, mabomba manne ya shaba ya kubebea joto, soketi zote, yaani kinaingia kwenye kikalio cha prosesa yoyote. Nikianza kutoa video, muda si muda prosesa imegonga nyuzi 100, inajipunguza spidi isiungue, feni inanguruma mpaka mteja hasikii video yake. Nimerudi dukani naambiwa, "Kaka, Tanga joto, weka AC."

Hilo jibu ndilo lililonichefua. Kipoza cha hewa hakitengenezi baridi, kinatoa joto kwenye prosesa na kulitupa kwenye hewa ya chumbani. Chumba kikiwa nyuzi 31 badala ya 21, prosesa nayo inapanda kama 10 hivi, basi. Jamaa yangu wa Chumbageni ana prosesa hiyo hiyo na kipoza cha mabomba sita, hana AC, kafungua dirisha tu, na kazi ile ile inaishia 84. Kwani jua la Chumbageni na la huku kwangu Ngamiani ni mawili?

Nikakifungua. Pesti, ule ute wa kupitisha joto kati ya prosesa na kipoza, imebanwa upande mmoja, upande wa pili bado nene vile vile. Bano ni la soketi za zamani! Matundu ya LGA1700, soketi ya prosesa hii iliyotoka 2021, yameachana milimita 78; ya LGA1200, soketi ya kabla yake, ni 75, na prosesa mpya inakaa chini kidogo kuliko zile. Hawa wamerefusha tundu tu wakaandika "soketi zote". Kinaingia, ila hakikandamizi. Kigeuze sasa: juu unaona ncha za mabomba manne, yanayofika kwenye kitako kinachogusa prosesa ni mawili. Mengine yamekatwa na kuchomekwa kwenye mapezi yaonekane. Nikakwangua ukingo wa hiyo "shaba", ndani nyeupe, alumini tupu.

Wati 200 walipimia wapi? Intel wanasema prosesa hii msingi wake ni wati 65, ikikaza inafika 180. Lakini wati za kwenye boksi la kipoza hazina kipimo kimoja cha lazima, kila kiwanda kinaandika kivyake. Muulizeni muuzaji joto la prosesa lilizidi la chumba kwa nyuzi ngapi, na kwa wati ngapi. Hajui? Afungue boksi, mgeuze kitako, mhesabu mabomba. Akikataa, ondokeni.

Eti "kikishafunguliwa hakirudi". Ningekijaribu vipi bila kukifungua? Mwenye duka, najua unapita humu na risiti ninayo. Nataka hela yangu, sitaki kubadilishiwa kingine kutoka rafu ile ile. Na anayejua duka Tanga wanaofunga na kupima mbele yako kabla hujalipa, aliweke hapa, maana kazi za watu zimelala.