Kopo la 40

Dada (Portland): Asalaam aleikum nyote. Shikamoo Mama. Leo mimi na Kitinda tumepata kopo la 40. Tumechoka hoi lakini tumerudi salama.

Mama: Wa aleikum salaam, marahaba mwanangu. Huku ndiyo kwanza saa 12 asubuhi, natoka kuswali. Bado mnaokota makopo ya watu?

Kitinda: Shikamoo Mama. Hatuokoti. Tukilipata tunaandika majina na tarehe kwenye kikaratasi kilichomo, tunalirudisha palepale ili na mwingine alikute.

Shangazi: Hiyo jiokashi yenu mimi sijaielewa tangu mlipoanza.

Dada (Portland): Shikamoo Shangazi. Mtu anaficha kopo, anapima mahali pale kwa simu, vile vipimo anaviweka kwenye programu. Wewe unavifuata. Simu inakufikisha karibu, hatua kadhaa tu. Zilizobaki ni kazi ya macho na vidole. Juzi tumezunguka mti mmoja karibu saa nzima, kumbe kichupa kina sumaku, kimenata chini ya benchi tuliloliwekea mikoba.

Kaka Mkubwa: Na leo mlikuwa wapi? Picha naona msitu mtupu.

Kitinda: Kaka, leo tumefika mahali mchezo wenyewe ulipoanzia! Beavercreek, nje kidogo ya mji. Zamani Marekani walikuwa wanavuruga makusudi mawimbi ya GPS wanayopata raia, yale ya setilaiti yanayokuonyesha ulipo, kifaa kinaweza kukudanganya mita 100. Tarehe 2 Mei 2000 wakaacha. Kesho yake tu, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaweka ndoo nyeusi ya plastiki porini, akatangaza vipimo vyake kwenye intaneti aone kama watu wataifikia. Hazikupita siku tatu, wawili walikuwa wameshaipata.

Mjukuu: Shikamooni. Ba'mdogo, ndani kulikuwa na nini?

Kitinda: Marahaba. Vitabu, programu za kompyuta, manati, na kopo la maharage.

Mama: Maharage porini?

Kitinda: Siku hizi hairuhusiwi Mama. Chakula ndani ya kopo kinaita wanyama. Na kufukia chini ya udongo marufuku pia. Ndoo yenyewe haipo tena, pamebaki bamba la kumbukumbu. Dada aliligusa, akanyamaza muda mrefu.

Dada (Portland): Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakuwaza wewe. Jamani, ngoja niseme, maana nimelibeba tangu mchana.

Dada (Portland): Nilipoondoka Tanga huyu alikuwa darasa la tatu. Alipokuja kusoma huku nilimpokea uwanja wa ndege kama mgeni. Mwaka mzima nyumba moja, maneno yetu ni umekula, umefunga mlango, basi. Siku aliponiambia twende tukatafute kopo nilikubali ili nisimvunje moyo. Sasa Jumamosi ikikaribia nahesabu siku.

Dada (Portland): Leo kwenye gari nimechukua simu yake nitazame kopo la wiki ijayo. Kila kopo limepewa namba mbili, 1 hadi 5: moja ni ugumu wa kulitafuta, nyingine ni ugumu wa njia. Njia ya 1 hata kiti cha magurudumu kinapita. Nimekuta programu yake ameichuja, inamwonyesha njia zisizozidi 1.5 peke yake. Tangu nilipofanyiwa upasuaji wa goti. Makopo yote 40, hakuna hata mlima mmoja, na mimi nilidhani jimbo letu hili la Oregon ni tambarare! Hakuwahi kuniambia.

Shangazi: Mashaallah. Kitinda mimba na akili zake.

Kaka Mkubwa: Kitinda, upo?

Kitinda: Nipo kaka. Daktari alisema asipande mpaka goti likaze. Ningemwambia angebisha.

Mama: Angebisha kweli, namjua nilivyomzaa. Ahsante mwanangu. Lakini huko mnakochungulia chini ya viti vya watu, hamsumbuliwi?

Dada (Portland): Wanatuangalia Mama, siwezi kukuficha. Watu weusi wawili wanapapasa nguzo ya taa, lazima mtu asimame. Tukiulizwa tunasema ukweli na kuonyesha simu. Usiku hatuendi, na kwenye uzio wa mtu hatugusi. Babu mmoja mwenye mbwa alituuliza kwa ukali, tulipomweleza akabaki kutafuta na sisi nusu saa.

Mjukuu: Mkishindwa kabisa?

Kitinda: Kuna dokezo, limeandikwa kwa fumbo. Kila herufi unaisogeza mbele nafasi 13 katika alfabeti ya herufi 26. A inakuwa N, B inakuwa O. Ukipita Z unarudi A. Kulifumbua unasogeza 13 tena, unarudi ulikotoka. Haya fumbua: WVJR

Mjukuu: Subiri natafuta kalamu

Mjukuu: JIWE!!!

Kitinda: Hapo hapo. Makopo mengi yako chini ya jiwe. Mwambie baba yako, hata Zanzibar yapo, mkienda likizo mtafute.

Kaka Mkubwa: Ameshaanza kunivuta shati.

Dada (Portland): Sasa mdogo wangu, mbele ya Mama na ukoo wote naomba. Daktari ameniruhusu tangu mwezi uliopita. Jumamosi twende Forest Park, kuna kopo lenye njia ya 2.5. Polepole, tukipumzika. Nataka kupanda na wewe.

Shangazi: Mjibu dada yako.

Kitinda: FNJN

Mama: Hiyo nini, mbona herufi tupu?

Mjukuu: Bibi hesabu 13! Andika alfabeti kwenye karatasi.

Mama: Nimeona. Mchukue na fimbo.