Naomba ushauri: kuhama NFIRS kwenda NERIS bila kuvuruga takwimu za zamani

Wakuu, salaam. Nashughulikia ripoti za matukio kwenye kikosi kidogo cha zimamoto hapa Marekani. Tunatoka NFIRS, mfumo wa zamani wa taifa wa kuripoti matukio ya zimamoto, kwenda NERIS, mfumo mpya uliochukua nafasi yake. Kujaza fomu za NERIS si shida. Shida ni kodi, yaani alama za kuainisha aina ya tukio.

Kwenye NFIRS, sufuria ikiungua jikoni na moto usitoke nje yake, ulikuwa unaandika 113, basi. Sasa kwenye NERIS aina ya tukio unaichagua kwa ngazi, kutoka kundi kubwa kushuka kwenye undani, tena tukio moja linabeba hadi aina tatu, moja ikiwa kuu. Gari limepinduka, dereva amebanwa, mafuta yanavuja: zamu ya asubuhi inaweka uokoaji kuwa kuu, ya usiku inaweka matibabu. Na wote wana hoja! Mkuu wa kikosi naye hataki chati zake za miaka iliyopita ziruke ghafla.

Mliotangulia, mlitengeneza jedwali la kulinganisha kodi za zamani na mpya, au mlikata mstari mkaanza upya? Na nani anaamua aina kuu, ofisa wa zamu au mkaguzi wa ripoti? Mwenye jedwali lake, hata lenye mapengo, naomba anirushie.