Naomba ushauri: nyumba nchi mbili, wosia niandikeje?

Habari zenu wakuu. Naishi Ufaransa kwenye nyumba yangu, nyingine iko nchi ya uraia wangu. Ufaransa mtoto hanyimwi fungu la urithi: akiwa mmoja ni nusu ya mali, wawili kwa pamoja theluthi mbili, watatu na zaidi robo tatu. Mimi nataka mke wangu asije akatolewa kwenye nyumba ya huku. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 650/2012 inaniruhusu kuchagua sheria ya uraia wangu, ila sheria ya Ufaransa ya 2021 inaweza kuwapa watoto fidia ya fungu hilo kwenye mali ya huku. Hapo ndipo nakosa usingizi.

Halafu rasimu ya wosia mpya inaanza, "Nafuta wosia zote za awali." Si itaufuta hata wosia wangu wa nyumba ya kule? Aliyepitia haya, sentensi hiyo uliiandikaje?