Tupeane uzoefu: Miradi ya ujenzi ya mashirika ya umma iliyokwama kwenye manunuzi

Kokoto Tatu: Wakuu, leo nimepita site moja ya zamani, nondo bado zimesimama zimeota kutu. Tunaandaa mpango wa manunuzi wa mwaka ujao na bosi anataka jedwali la vihatarishi. Wenzetu nini kiliwakwamisha?

Mama Ugavi: Akidi ya bodi ya zabuni, wajumbe hawatimii kikao kikae. Basi.

Msingi wa Mawe: Mama Ugavi umenitonesha. Kwetu lilikuwa jengo la ofisi ya kanda, shirika silitaji. Tathmini ikaisha vizuri, bodi haikai: mmoja yuko Dodoma, mwingine likizo. Uhai wa zabuni, yaani muda ambao mzabuni anabanwa na bei yake, ukakaribia kuisha, tukawaomba wazabuni waongeze muda. Wa bei ya chini akagoma, nondo zimepanda. Tukahamia kwa wa pili, wa tatu akakata rufaa PPAA, mamlaka ya rufani za zabuni za umma, kila kitu kikasimama. Mkandarasi anakuja kukabidhiwa site, masika hiyo hapo. Mashimo ya msingi yakajaa maji, malipo ya awali hayajatoka. Mlinzi, mzee wa watu, kaona udongo umelowa, kapanda mchicha kuzunguka mashimo yote. Wakaguzi wanakuja kupima maendeleo ya kazi, kilichoota pale ni mchicha tu. Wakapiga picha, ikaingia kwenye ripoti!

Jua la Utosi: 😂😂 Mchicha uliuzwa?

Msingi wa Mawe: Meneja mwenyewe alikuwa anafungiwa wa nyumbani.

Daraja la Saba: Mnacheka, sisi makandarasi tunakufa. Hati ya malipo inalala mezani kwenu mpaka benki inatangaza kuuza nyumba.

Mama Ugavi: Usitupakazie, malipo ni idara ya fedha. Na nyie mnajaza bei za kutupa mkijua mtarudi kuomba nyongeza.

Daraja la Saba: Bei ya kutupa si ndiyo mnayoipa kazi?

Jua la Utosi: Turudi kwenye mchicha jamani.

Bomba Kavu: Kokoto, vifaa vya nje viagizwe kwanza. Sisi tulijenga chumba cha jenereta, tukapiga na rangi, jenereta ikafika haipiti mlangoni. Ukuta ukavunjwa.

Kijana wa BOQ: Gawa kazi vipande vidogo, zinaenda haraka.

Mama Ugavi: Gawa zabuni kukwepa ukomo wa thamani uone CAG, mkaguzi mkuu wa serikali, atakavyokuandika. Weka kifungu cha marekebisho ya bei, na nyaraka ziwe tayari kabla ya Julai, si mnaanza kuandika mwaka wa fedha ukiwa nusu.

Kijana wa BOQ: Si kuna NeST siku hizi, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni? Unaona zabuni imelala kwa nani.

Bomba Kavu: Kuona tunaona. Kumwamsha je?

Kokoto Tatu: Asanteni. Kwenye hiyo akidi, safu ya mmiliki wa kihatarishi niandike nani?

Mama Ugavi: Andika Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi mwenyewe. Halafu funga mizigo, barua ya uhamisho inakuja.