Mjadala: Je, aliyefunga mkanda wa gari vibaya ahesabiwe kuwa hakufunga?

Mtoa hoja:

Sheria za usalama barabarani katika nchi nyingi humtaka aliyeketi garini afunge mkanda, na askari anayechungulia dirishani akiuona mkanda umekatiza mwilini, huridhika na kuliruhusu gari liendelee. Mimi nadai kwamba mtu aliyepitisha mkanda chini ya kwapa au nyuma ya mgongo, pamoja na yule aliyeuchomeka kwenye kifungio kisha akaukalia ili kengele ya tahadhari inyamaze, watozwe faini ileile anayotozwa asiyefunga kabisa.

Mkanda tunaoutumia leo, unaoshika begani na pande zote mbili za nyonga, ulibuniwa mwaka 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Alichokitatua Bohlin ni swali la mifupa ipi ibebe mwili pale gari linaposimama ghafla. Jibu lake likawa nyonga, kifua na mtulinga. Gari likigonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kishindo kinachompata aliyemo ndani hulingana na cha mtu aliyeanguka kutoka kimo cha mita 10 hivi, na kishindo hicho hupokelewa na utepe ambao upana wake hauzidi sana sentimita 5. Utepe ukihamishwa kutoka mfupani ukawekwa tumboni, kishindo hakipungui hata kidogo, ila sasa wa kukipokea ni utumbo, ini na bandama.

Aliyeupitisha chini ya kwapa ameuweka juu ya mbavu za chini, ambazo zikivunjika huweza kutoboa ini au bandama, huku bega lake likiwa huru na kichwa kikirushwa mbele zaidi. Aliyeupitisha nyuma ya mgongo amebaki na mkanda wa nyonga peke yake, hivyo mwili hukunjika juu ya utepe, na majeraha yatokanayo na hali hiyo, yaani utumbo kupasuka na pingili za kiuno kuvunjika, madaktari wameyajua kwa miongo mingi.

Lipo kosa jingine ambalo askari hatalitambua kirahisi, nalo ni la abiria anayelaza kiti ili apate usingizi. Mkanda wake umefungwa, kengele imenyamaza, na kwa macho ya sheria hana hatia. Lakini utepe wa kifuani unaning'inia hewani mbali na kifua. Gari likigonga, mwili huteleza chini ya mkanda wa nyonga, mkanda ukapanda hadi tumboni, na ule wa juu huweza kumkaba shingoni. Nashangaa kwamba jambo hili husemwa mara chache mno, ilhali wanaolala hivyo katika safari ndefu ni wengi.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa hoja, sina ubishi kuhusu mifupa, ubishi wangu ni kuhusu faini. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba mkanda huweza kupunguza hatari ya kifo kwa hadi asilimia 50, na hata uliofungwa vibaya mara nyingi humzuia mtu asirushwe nje ya gari, jambo ambalo asiyefunga hana kabisa. Ukiwatoza wote sawa, unamwambia yule wa kwapani kwamba juhudi yake ni bure. Tena jiulize kwa nini watu huupitisha kwapani: kwa miaka mingi masanamu ya majaribio ya ajali yalifuata umbo la mwanamume wa wastani, na mtu mfupi akikaa kwenye kiti hicho hukatwa shingoni na utepe. Faini yako itamwangukia yeye, wakati aliyekosea ni mchora kiti.

Mchangiaji wa pili:

Mimi naona hata faini ya asiyefunga haina msingi kwa mtu mzima, kwa kuwa mwili ni wake na maumivu ni yake.

Mtoa hoja:

Kwa mchangiaji wa pili jibu ni fupi: abiria wa nyuma asiyefunga hurushwa na kumgonga aliyeketi mbele yake, ambaye pengine amefunga vizuri kabisa, kwa hiyo maumivu si yake peke yake.

Hoja ya mchangiaji wa kwanza ni nzito zaidi, na nakubali kwamba mtu mfupi anayekatwa shingoni apewe onyo na maelekezo kwanza. Magari mengi yana kirekebishi kwenye nguzo ya mlango cha kushusha kimo cha mkanda, na kusogeza kiti mara nyingi huuhamisha utepe hadi katikati ya bega. Mjamzito naye huupitisha ule wa chini chini ya tumbo, ukikaza nyongani, na ule wa juu katikati ya matiti. Lakini sikubali kwamba faini sawa itawafanya watu wauache mkanda, kwa sababu mtu mzima anayeweza kuupitisha kwapani anaweza pia kuupitisha begani bila gharama yoyote. Anayechomeka kipande cha chuma kwenye kifungio ili kuidanganya kengele hana hata kisingizio cha shingo, na uuzaji wa vipande hivyo ungepigwa marufuku.

Kwa watoto silegezi. Mkanda wa mtu mzima haumkai mtoto mdogo, ndiyo maana nchi za Ulaya humtaka atumie kiti maalumu hadi afikie sentimita 135, na baadhi yake 150. Mzazi anayempakata mtoto kisha akazungusha mkanda mmoja kuwazunguka wote wawili anamfanya mtoto awe kati ya utepe na mwili wa mzazi huyo, na ajali ikitokea mzazi atambana kwa uzito wake uliozidishwa mara nyingi. Hapo faini iwe ya dereva, hata kama mtoto si wake.

Limebaki suala la magari ya zamani ambayo kiti cha katikati nyuma kina mkanda wa nyonga pekee. Aliyeketi hapo hawezi kufunga vizuri hata akitaka, na simtozi kitu. Ningependa wachangiaji waseme kama kiti hicho kiendelee kuhesabiwa katika idadi ya abiria ambao gari linaruhusiwa kubeba.